Sir Alf Ramsey: Alitwaa Kombe la Dunia, sare moja ikamgharimu kazi

KILA timu ya taifa inaposhindwa kufuzu kwa fainali kubwa, swali huwa ni lile lile: kocha abaki au aondoke? Huulizwa vijiweni, huulizwa magazetini, huulizwa katika vikao vya viongozi wa soka, na mara nyingi hukumu hutolewa kabla jasho la wachezaji halijakauka.

Ni makocha wachache ambao maisha yao yanalifafanua swali hilo kama maisha ya Sir Alf Ramsey, Mwingereza aliyefariki dunia Aprili 28, 1999, akiwa na umri wa miaka 79.

Ramsey ndiye aliyeiongoza England kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1966. Miaka saba baadaye, Oktoba 17, 1973, timu yake ilitoka sare ya bao 1-1 na Poland katika Uwanja wa Wembley na kukosa nafasi ya kwenda kwenye fainali za mwaka 1974 nchini Ujerumani Magharibi. Mei mosi, 1974, ikatangazwa rasmi kwamba yeye si kocha tena.

Je, aliyeleta kombe alistahili kutimuliwa kwa sababu ya sare moja? Au sare ile ilikuwa dalili tu ya ugonjwa wa siku nyingi ambao mwenyewe alikataa kuuona? Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kurudi nyuma na kuyafuata maisha yake tangu mwanzo.

Kutoka dukani hadi uwanjani

Alfred Ernest Ramsey alizaliwa Januari 22, 1920, Dagenham, mashariki ya jiji la London, katika familia ya watu wa kipato cha chini. Baba yake, Herbert, alikuwa mtu wa kazi za mikono. Alipomaliza shule, kijana Alf alipata kazi katika duka la vyakula la chama cha ushirika, akiwapelekea wateja bidhaa zao kwa baiskeli.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1940 aliitwa jeshini, akapanda hadi cheo cha sajini, na huko akacheza mpira dhidi ya wachezaji waliomzidi kwa kila kitu. Klabu ya Southampton ilimwona, ikamchukua mwaka 1943 kama mchezaji wa ridhaa na mwaka uliofuata ikampa mkataba wa kulipwa.

Vita ilikuwa imemla miaka ya ujana. Kwa kuhofia kwamba klabu zingemwona mzee, kwa muda mrefu alijipunguzia umri wa miaka miwili na kueleza kwamba alizaliwa mwaka 1922. Hilo lilikuwa fundisho la mapema kuhusu tabia yake: hakuwa mtu wa kumfungulia kila mtu moyo wake.

Alicheza beki wa kulia. Hakuwa na mbio, na mawinga wenye kasi walimpa taabu. Alichokuwa nacho ni akili ya mpira. Alijua mahali pa kusimama kabla mpira haujafika, alipiga pasi za uhakika, na kwa mikwaju ya penalti hakutetereka. Wachezaji wenzake walimbatiza jina la Jenerali.

Mwaka 1949 Tottenham Hotspur ilimnunua kwa pauni 21,000, fedha nyingi mno kwa beki wa zama hizo. Chini ya kocha Arthur Rowe, aliyefundisha mtindo wa kutoa pasi fupi na kukimbilia nafasi, Tottenham ilitwaa ubingwa wa Daraja la Pili mwaka 1950 na ubingwa wa Daraja la Kwanza mwaka 1951.

Aibu mbili zilizomfunza

Ramsey aliichezea England mechi 32 kati ya mwaka 1948 na 1953. Mbili kati ya hizo hazikumtoka akilini maisha yake yote.

Ya kwanza ilichezwa Juni 29, 1950, mjini Belo Horizonte, Brazil, katika fainali za Kombe la Dunia. England, iliyojiona kuwa mwalimu wa dunia katika mchezo huo, ilifungwa bao 1-0 na Marekani, timu iliyoundwa na wachezaji ambao wengi wao walikuwa na kazi nyingine za kuwapatia riziki.

Ya pili ilichezwa Novemba 25, 1953, Wembley. Hungary ya Ferenc Puskás iliitandika England mabao 6-3. Ilikuwa mara ya kwanza kwa England kufungwa katika ardhi yake na timu iliyotoka nje ya Visiwa vya Uingereza. Ramsey alifunga bao moja kwa penalti siku hiyo, lakini hakuitwa tena kuichezea timu ya taifa.

Wengi nchini mwake waliuona msiba ule kama ajali. Yeye alijifunza kwamba sifa za jana hazifungi mabao ya leo. Mafunzo hayo yalimjenga kama kocha. Baadaye sana, wakosoaji wake walimshitaki kwa kuyasahau.

Miujiza ya Ipswich

Mwaka 1955 alipewa kazi ya kuifundisha Ipswich Town, klabu ndogo ya mji wa mashambani iliyokuwa Daraja la Tatu, kanda ya kusini. Mwaka 1957 aliipandisha Daraja la Pili. Mwaka 1961 aliipandisha Daraja la Kwanza. Mwaka 1962, katika msimu wake wa kwanza kabisa miongoni mwa vigogo, Ipswich ikawa bingwa wa England.

Hakuwa na wachezaji wa bei mbaya. Siri yake ilikuwa mpangilio. Winga wake wa kushoto, Jimmy Leadbetter, mtu mwembamba asiye na kasi, hakusimama mbele kama mawinga wa siku hizo. Alirudi nyuma, beki wa upinzani akamfuata au akabaki akishangaa amkabe nani, na katika nafasi iliyoachwa wazi washambuliaji Ray Crawford na Ted Phillips wakawa wanafunga.

Lakini kila dawa huzoeleka. Agosti 1962, katika mechi ya Ngao ya Hisani, Tottenham iliyafumbua mafumbo ya Ipswich na kuifunga mabao 5-1. Katika msimu huo Ipswich ilijikongoja na kumaliza katika nafasi ya 17. Mbinu ile ile iliyowapa ubingwa ilikuwa imejulikana, na haikuwapo nyingine ya kuweka mahali pake.

Wakati hayo yakitokea Ramsey alikuwa tayari ameitwa kwingine. Oktoba 1962 Chama cha Soka cha England, FA, kilimteua kuwa kocha wa timu ya taifa.

Kocha mwenye sauti ya mwisho

Kabla yake, timu ya taifa ilichaguliwa na kamati. Kocha aliyemtangulia, Walter Winterbottom, alifundisha wachezaji ambao hakuwachagua peke yake. Viongozi wa klabu waliketi mezani, kila mmoja akiwa na kipenzi chake, na kikosi kikatoka katika mapatano yao.

Ramsey aliweka sharti kwamba yeye ndiye atakayechagua timu, na hakuna mwingine. FA ilikubali. Tangu hapo ndipo ilipopatikana kazi ya kocha wa taifa kama tunavyoijua leo, na tangu hapo pia ndipo lawama zote zilipopata anwani moja. Anayechagua peke yake hubeba mzigo peke yake.

Mwanzo wake ulikuwa mchungu. Februari 1963, mjini Paris, England ilifungwa 5-2 na Ufaransa na kutolewa katika mashindano ya Mataifa ya Ulaya. Hata hivyo, mwaka huo huo alitangaza hadharani kwamba England ingetwaa Kombe la Dunia mwaka 1966. Wapo waliocheka.

Alijenga kikosi kwa miaka mitatu. Gordon Banks golini, George Cohen na Ray Wilson pembeni, Jack Charlton na nahodha Bobby Moore katikati ya ulinzi, Nobby Stiles akikata mashambulizi mbele yao, Bobby Charlton akisukuma mashambulizi. Baada ya kuwajaribu mawinga kadhaa bila kuridhika, aliamua kucheza bila mawinga kabisa. Alan Ball na Martin Peters walikimbia pembeni kwa zamu, wakishambulia na kurudi kukaba.

Julai ya mwaka 1966

Fainali zenyewe zilianza kwa sare ya 0-0 na Uruguay, na waandishi wakaanza kunoa kalamu. England ikazifunga Mexico na Ufaransa mabao 2-0 kila moja na kuingia robo fainali.

Katika mechi na Ufaransa, Stiles alimchezea vibaya kiungo Jacques Simon. Baadhi ya viongozi wa FA walitaka mchezaji huyo aachwe. Ramsey alimuuliza Stiles kama alikusudia kumuumiza mwenzake, akaridhika na jibu, kisha akawaeleza viongozi kwamba kama Stiles hachezi basi na wao watafute kocha mwingine. Stiles alicheza.

Wachezaji hawakulisahau jambo hilo. Mtu huyu mkimya, aliyezungumza kwa lafudhi ya kujifunza na kuwakwepa waandishi, aliwalinda kama baba anavyolinda wanawe. Nao wakamlipa kwa jasho.

Robo fainali na Argentina ilikuwa ya vurugu. Nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, alitolewa nje akakataa kwa muda kuondoka uwanjani. England ilishinda 1-0, na Ramsey akamzuia Cohen asibadilishane jezi na mpinzani wake. Katika mahojiano baadaye aliwafananisha Waargentina na wanyama, kauli iliyomletea onyo na iliyokumbukwa Amerika ya Kusini kwa miaka mingi.

Julai 30, 1966, England iliikabili Ujerumani Magharibi katika fainali. Jimmy Greaves, mfungaji mahiri kuliko wote nchini, alikuwa ameumia dhidi ya Ufaransa na sasa alikuwa amepona. Taifa zima lilimtaka. Ramsey alibaki na Geoff Hurst.

Wajerumani walisawazisha dakika ya 89 na kufanya matokeo kuwa 2-2. Ramsey aliingia uwanjani, akawaambia vijana wake kwamba walikuwa wamekwishashinda mara moja na sasa walipaswa kushinda tena, akawaonyesha wapinzani waliokuwa wamelala chini kwa uchovu. Hurst alifunga mabao matatu siku hiyo, na mchezo ukaisha 4-2 katika muda wa nyongeza.

Filimbi ya mwisho ilipolia, benchi lote liliruka. Ramsey alibaki ameketi. Mwanzoni mwa mwaka 1967 alitunukiwa heshima ya kuitwa Sir.

Nyufa zinaanza kuonekana

Waliokuwa wakimtaka aondoke mwaka 1974 hawakuanzia kwenye sare ya Poland. Walianzia Mexico, mwaka 1970.

Wapo wanaosema kikosi cha England kilichokwenda huko kilikuwa bora kuliko kile cha mwaka 1966. Kilifungwa 1-0 na Brazil ya Pelé katika mechi ya hadhi ya fainali, kikafika robo fainali, na Juni 14 mjini León kikawa kinaongoza mabao 2-0 dhidi ya Ujerumani Magharibi. Kipa Banks alikuwa mgonjwa na nafasi yake ilishikwa na Peter Bonetti.

Franz Beckenbauer alirudisha moja. Ramsey, akitaka kumpumzisha Bobby Charlton kwa ajili ya nusu fainali ambayo hakuwa bado ameipata, alimtoa nje. Uwe Seeler akasawazisha, na Gerd Müller akamalizia kazi katika muda wa nyongeza. England ilitoka kwa 3-2. Charlton, aliyekuwa amecheza mechi 106, hakuichezea tena timu ya taifa.

Hilo liliacha lawama ya kwanza: kwamba Ramsey hakuijua vema silaha mpya ya mchezo, yaani kubadili wachezaji. Katika enzi ya ushindi wake wa mwaka 1966, hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kubadilishwa katika Kombe la Dunia. Ruhusa hiyo ilianza Mexico.

Lawama ya pili ilikuja Aprili 29, 1972. Ujerumani Magharibi ilikwenda Wembley katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, na kiungo Günter Netzer akatembea katikati ya uwanja kama mtu aliye shambani kwake. Hakuwapo wa kumkaba. England ilifungwa 3-1. Katika mechi ya marudiano mjini Berlin, Ramsey alipanga timu ya kujilinda, ikatoka sare ya 0-0 na kuaga mashindano.

Ilikuwa kama Ipswich ya mwaka 1962 imerudi. Dawa imezoeleka, wapinzani wameijua, na daktari hana nyingine.

Usiku wa Wembley

Katika kufuzu kwa fainali za mwaka 1974, England ilipangwa kundi moja na Wales na Poland. Ilishinda 1-0 mjini Cardiff, kisha Januari 1973 ikatoka sare ya 1-1 na Wales nyumbani, ikipoteza pointi ambayo hakuna aliyetarajia ipotee.

Juni 6, 1973, mjini Chorzów, Poland ilishinda 2-0. Moore, nahodha wa miaka yote ya neema, alipokonywa mpira na Włodzimierz Lubański aliyefunga bao la pili. Ball alitolewa nje. Sasa England ilihitaji ushindi katika mechi ya mwisho.

Ramsey aliomba jambo moja: mechi za ligi za Jumamosi iliyotangulia ziahirishwe ili wachezaji wapumzike na kujiandaa pamoja. Katibu wa Ligi ya Soka, Alan Hardaker, alikataa. Kwake yeye huo ulikuwa mchezo wa mpira, si vita. Wachezaji wa England wakazichezea klabu zao Jumamosi na kuikabili Poland Jumatano.

Poland haikuwa timu ya kubezwa. Chini ya kocha Kazimierz Górski ilikuwa imetwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972. Lakini Waingereza wengi walikuwa wamekwishahesabu ushindi. Katika televisheni, kocha Brian Clough alimdhihaki kipa Jan Tomaszewski kama mchekeshaji wa sarakasi.

Tomaszewski alidaka, alipangua kwa ngumi, aliokoa kwa miguu. Mipira mingine iligonga miamba, mingine ikaokolewa na mabeki kwenye mstari. Dakika ya 57 Norman Hunter alizubaa pembeni, Grzegorz Lato akampokonya mpira na kukimbia nao, na Jan Domarski akafunga. Dakika sita baadaye Allan Clarke alisawazisha kwa penalti.

Dakika zikayoyoma. Moore, ambaye hakupangwa usiku ule, alikuwa ameketi benchi karibu na kocha wake na kumsihi abadilishe mchezaji. Ramsey alimwingiza Kevin Hector zikiwa zimebaki dakika mbili hivi. Hata hivyo Hector alipiga mpira wa kichwa uliookolewa kwenye mstari wa goli. Sentimita chache zingemfanya Ramsey aonekane mwenye hekima.

Miezi sita ya ukimya

FA haikumfukuza asubuhi yake. Novemba 1973 England ilifungwa 1-0 na Italia, Wembley, kwa bao la Fabio Capello. Februari 1974 chama kikaunda kamati ya kutafakari mustakabali wa timu ya taifa. Aprili 3 Ramsey aliiongoza timu kwa mara ya mwisho, sare ya 0-0 na Ureno mjini Lisbon. Kabla mwezi haujaisha aliarifiwa kwamba hatakiwi, na Mei mosi habari ikatangazwa.

Ndani ya chama alikuwa na mahasimu, na mkubwa wao alikuwa makamu mwenyekiti Sir Harold Thompson, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Oxford. Ugomvi wao ulikuwa pia wa heshima na tabaka. Wakati mmoja safarini Ramsey alimtaka Thompson aache kuvuta sigara kubwa mbele ya wachezaji wakati wa kifungua kinywa. Mtoto wa kibarua wa Dagenham alikuwa amemkanya bwana mkubwa, na hilo halikusahauliwa.

Aliondoka akiwa ameiongoza England katika mechi 113, akishinda 69, sare 27 na kufungwa 17. Alipewa pauni 8,000 na pensheni ya pauni 1,200 kwa mwaka. Hata kwa viwango vya siku hizo, ilikuwa shukrani ndogo kwa mtu aliyeleta kombe.

Hoja za pande mbili

Aliyetaka Ramsey aondoke alikuwa na ushahidi. Tangu mwaka 1970 timu ilikuwa ikishuka. Kocha aliwang'ang'ania wachezaji waliompa heshima hata miguu yao ilipozidiwa. Mchezo wa Ulaya ulikuwa umebadilika, Waholanzi na Wajerumani wakibadilishana nafasi uwanjani kwa ufundi mpya, na yeye hakuonyesha jibu. Miaka 11 ni mingi katika kazi ile.

Aliyemtetea naye alikuwa na ushahidi. Wiki tatu tu kabla ya mechi na Poland, timu hiyo hiyo iliifunga Austria mabao 7-0. Poland ilikwenda Ujerumani Magharibi ikashika nafasi ya tatu duniani, na Lato akawa mfungaji bora kwa mabao saba. Kutolewa na timu ya namna hiyo hakukuwa fedheha.

Ni kweli kwamba rekodi ya miaka miwili ilikuwa sababu nzito zaidi kuliko usiku mmoja. Kama FA ingemwondoa Ramsey baada ya kipigo cha Netzer mwaka 1972, ingekuwa imeamua kwa hesabu. Kwa kungoja hadi mlango wa fainali ufungwe, iliamua kwa hasira, na hata hasira yenyewe ikachukua miezi sita.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa jingine. Swali la kocha lilipojibiwa, maswali mengine yote yalifungiwa kabatini. Nani aliyekataa kuahirisha mechi za ligi? Kwa nini timu ya taifa ilipewa siku tatu za kujiandaa kwa mechi muhimu kuliko zote? Nani atafundisha vijana mchezo mpya uliokuwa ukiizidi England? Kamati ilimwondoa mtu, na kila kilichomzunguka kikabaki mahali pake.

Kilichofuata

Joe Mercer alishikilia timu kwa mechi saba. Kisha akaletwa Don Revie, kocha wa Leeds United iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa, akilipwa mshahara mkubwa kuliko wa Ramsey. Mwanzoni ligi ilimpa ushirikiano ambao mtangulizi wake aliuomba akanyimwa.

England haikufuzu kwa robo fainali za Kombe la Mataifa ya Ulaya la mwaka 1976. Julai 1977, ikiwa njiani kukosa pia Kombe la Dunia la mwaka 1978, Revie aliiacha timu na kwenda kufundisha Umoja wa Falme za Kiarabu. England haikuonekana tena katika fainali za Kombe la Dunia hadi Hispania, mwaka 1982. Ilikuwa miaka 12 tangu Mexico.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo klabu za England zilitawala Ulaya. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, Kombe la Klabu Bingwa lilikwenda kwa Liverpool, Nottingham Forest na Aston Villa mfululizo. Mpira mzuri ulikuwapo nchini, ingawa sehemu ya nguvu ya klabu hizo ilitoka kwa Waskoti na majirani wengine. Kilichokosekana ni njia ya kuugeuza mpira huo kuwa timu ya taifa, na njia hiyo haikuwa imefunguliwa kwa kumfukuza Ramsey.

Historia ilijirudia. Graham Taylor aliondoka Novemba 1993 baada ya kukosa fainali za Marekani. Steve McClaren alifukuzwa Novemba 22, 2007, siku moja tu baada ya kufungwa 3-2 na Croatia, Wembley. Safari hiyo miezi sita ilikuwa imepunguzwa kuwa usiku mmoja.

Mwisho wa Jenerali

Ramsey hakupigana na waliomwondoa. Alirudi Ipswich alikokuwa ameishi tangu miaka ya ubingwa, yeye na mkewe Victoria. Aliingia katika bodi ya Birmingham City, akaifundisha klabu hiyo kwa miezi michache kati ya mwaka 1977 na 1978, akawa mshauri wa ufundi wa Panathinaikos ya Ugiriki. Baada ya hapo soka halikumpa kazi tena.

Mwaka 1998, katika siku zile zile ambapo Kombe la Dunia lilikuwa likianza Ufaransa, alipatwa na kiharusi. Alikuwa pia akisumbuliwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Mtu aliyekumbuka kila pasi ya kila mechi aliishi mwaka wake wa mwisho akiwa ameisahau sehemu kubwa ya aliyoyafanya. Mwaka 2000 watu wa Ipswich walimsimamishia sanamu nje ya uwanja wao wa Portman Road.

Sanamu ile haijibu kama FA ilikosea au ilipatia. Inatukumbusha tu kwamba kocha anaweza kuwa amefika mwisho wake na bado akawa si yeye peke yake aliyeifikisha timu pale. Chama kinachotaka kumwondoa kocha kina haki hiyo. Lakini kabla ya kusaini barua, viongozi wake wangefanya vema kuorodhesha yote ambayo kocha huyo aliomba akanyimwa, kwa sababu orodha hiyo hiyo ndiyo itakayomsubiri mrithi wake mezani.